Sitara, Fahari na Utu: Msamiati wa Kiswahili katika Madai ya Usawa wa Wapenzi wa Jinsia Moja

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Juni 1970 watu walitembea katika mitaa ya New York kuadhimisha mwaka mmoja tangu wateja wa baa ya Stonewall walipokataa kukamatwa na polisi waliozoea kuwavamia. Kutokana na matembezi hayo zilizaliwa sherehe ambazo leo hufanywa katika miji mingi ya dunia zikiitwa kwa jina la Kiingereza, Pride. Barani Afrika maandamano ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990, na miongoni mwa walioyaongoza walikuwa Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Katika Afrika ya Mashariki, Waganda walisherehekea kwa mara ya kwanza Agosti 2012 mjini Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 2016 polisi walivamia shughuli ya sherehe hizo mjini Kampala, na zile za mwaka 2017 zikafutwa kutokana na vitisho vya serikali. Kule Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakimbizi, wengi wao wakiwa wametoka Uganda, waliandamana Juni 2018. Baada ya hapo walitishiwa na watu walioishi nao katika kambi hiyohiyo.

Tanzania Bara haijapata kuwa na maandamano ya hadhara ya aina hii. Mtafiti anayetafuta bendera na ngoma mitaani Dodoma atarudi mikono mitupu. Hata hivyo, Dodoma ina nafasi ya pekee katika suala hili, kwa kuwa ndiko liliko Bunge, na tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikihamishia huko wizara zake. Neno linalosemwa mtaani Tanga au Mwanza hubaki kuwa neno tu, ila likiandikwa Dodoma laweza kuwa kifungo cha miaka 30.

Makala hii inachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatoa kwa wanaodai usawa na kwa wanaoupinga. Hoja yake ni kwamba ugumu wa dhana ya Pride katika Kiswahili hautokani na upungufu wa msamiati. Unatokana na mpangilio wa maadili uliomo katika msamiati wenyewe, ambamo kujikweza ni aibu, kusitiriana ni wema, na heshima ni haki ya kila mja. Wanaharakati wa Afrika ya Mashariki wameuelewa mpangilio huu vizuri kuliko wafasiri wengi.

2.0 Kiburi, majivuno na fahari

Mfasiri anayeanza kazi yake kwa kufungua kamusi atakutana kwanza na kiburi. Neno hili lililotoka katika Kiarabu limekaa katika mahubiri ya misikitini na makanisani kwa karne nyingi likiwa jina la dhambi. Watu hawawezi kuandamana kwa ajili ya kiburi. Majivuno na maringo hayafai pia. Linalobaki ni fahari, nalo ndilo ambalo vyombo vya habari vya Kiswahili hulichagua pale vinapoepuka kuandika tu "maandamano ya mashoga".

Fahari ni neno zuri, lakini lina masharti yake. Kwa kawaida mtu huona fahari juu ya kitu kilicho nje ya nafsi yake: mtoto aliyefaulu, timu iliyoshinda, taifa lililojikomboa. Anayeona fahari juu ya jinsi alivyo hukaribia kuambiwa anajifaharisha, na hapo neno hugeuka. Jambo hili linaonekana wazi katika mofolojia. Vitenzi vingi vyenye kiambishi rejeshi -ji- ambavyo huelezea kujiinua mbele ya watu hubeba lawama: kujivuna, kujigamba, kujitapa, kujikweza, kujidai. Vile vinavyoelezea kujihifadhi hubeba sifa: kujistahi, kujiheshimu, kujistiri. Mstari unaotenganisha makundi haya mawili ni macho ya watu. Kundi la kwanza linahitaji watazamaji, na la pili halihitaji.

Kitendo cha mtu kuwaambia wenzake kwamba anampenda mtu wa jinsia yake, ambacho ni kiini cha harakati za nchi za Magharibi tangu miaka ya 1970, kwa Kiswahili huitwa kujitangaza au kujitokeza. Kujitangaza ni neno la sokoni, ni kunadi bidhaa. Kwa hiyo mara nyingi anayepinga husema kwamba hana ugomvi na mtu anayeishi kimya, ugomvi wake ni na anayejitangaza. Kauli hiyo hupokewa kuwa ya kiungwana, ingawa sheria yenyewe haitofautishi hivyo. Kosa la aibu kubwa lililoingizwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1998 linaadhibiwa liwe limetendeka hadharani au faraghani. Sitara ambayo jamii hudai kuitoa, sheria haiitoi.

Huko pwani, sitara ni nguzo. Kumsitiri mwenzako ni thawabu, na kumfedhehesha ni dhambi inayoweza kuizidi ile aliyoitenda. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa na kuuchapisha katika miaka ya 1970 na 1980, alieleza jamii ambamo mashoga na wasagaji walijulikana, wakawa na kazi katika arusi na ngoma, bila kulazimika kutoa tamko lolote juu ya nafsi zao. Si busara kuipamba picha hiyo. Kujulikana si sawa na kuheshimiwa, na aliyestiriwa leo kwa hisani ya jirani anaweza kufichuliwa kesho jirani akikasirika. Sitara ni hisani, na hisani haidaiwi mahakamani.

Kuhusu uwanda wa kati, yafaa kutaja jambo ambalo hupuuzwa na wanaosema kwamba kuonyesha jinsia hadharani kwa namna isiyo ya kawaida kumeletwa na wageni. Peter Rigby, katika utafiti wake miongoni mwa Wagogo uliochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza ibada za utakaso zilizofanywa wakati wa maafa kama vile maradhi ya mifugo. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo za uchungaji, wakaiga mwenendo wa wanaume, wakaufukuza uchafu nje ya nchi yao kwa ngoma. Ibada hizo hazikuhusu mapenzi ya jinsia moja, na kuzifananisha na sherehe za New York ni kuzitendea jeuri. Katika ibada ya Kigogo, mpangilio wa jinsia hupinduliwa ili urudi mahali pake, na mshiriki hadai chochote kwa ajili ya nafsi yake. Zinachoonyesha ni kwamba jamii za uwanda huu zilijua kuifanya jinsia kuwa jambo la maonyesho ya hadhara, na kwa idhini ya wote.

3.0 Majina ya watu

Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi na msamiati kilichochapishwa mwaka 1870, aliandika kwamba shoga ni rafiki, neno linalotumiwa na wanawake wakiitana, na kwamba Zanzibar hawakutumia jingine mara nyingi. Akaongeza kuwa Lamu neno hilohilo lilikuwa na maana ya mwanamume anayelala na wanaume. Maana zote mbili, basi, zilikuwapo kabla ya ukoloni rasmi wa Mwingereza na Mjerumani. Hoja ya kwamba jambo lenyewe liliingizwa nchini na mashirika ya wafadhili haiwezi kusimama mbele ya ushahidi huu wa kileksika.

Neno msagaji lina historia ya namna nyingine. Linatokana na kitenzi -saga, na taswira hiyohiyo ya kusaga inapatikana katika neno la Kiarabu kwa jambo hili. Hanithi nalo ni la Kiarabu, na limepanuka mpaka kumhusu mwanamume asiye na nguvu za kiume. Mkanganyiko huo umeleta dharau juu ya dharau.

Kinachovutia zaidi kisarufi ni kwamba msamiati wa kale wa pwani haukutaja watu wawili walio sawa. Ulitaja jozi isiyolingana: shoga na basha, anayetendwa na anayetenda, mara nyingi maskini na tajiri. Deborah Amory, katika makala yake ya mwaka 1998 juu ya mashoga, mabasha na magai, alionyesha jinsi neno la tatu, la mkopo kutoka Kiingereza na lenye kiambishi cha ngeli ya ma-, lilivyoingia pamoja na dhana mpya ya watu wanaojihesabu kuwa kundi moja. "Wapenzi wa jinsia moja" ni istilahi ya mkondo huo. Muundo wake ni wa kutendana: wote wawili ni wapenzi, hakuna mtenda wala mtendwa. Usawa unaodaiwa katika sheria umekwisha kuingia katika nahau.

Istilahi hiyo ina kasoro yake. Tangu harakati za wanawake zilipopata nguvu, hasa baada ya Mtandao wa Jinsia Tanzania kuanzishwa mwaka 1993, wataalamu wamejitahidi kutofautisha jinsi, yaani maumbile ya mwili, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpa mtu. Kwa kipimo hicho ingefaa kusema "wapenzi wa jinsi moja". Wasemaji hawakufuata. Makala hii inatumia istilahi iliyoenea, kwa sababu usahihi usiotumiwa na mtu hausaidii mawasiliano.

4.0 Majina ya vyama

Pale ambapo mtu hawezi kuandamana, jina la chama hubeba kazi ya bendera. Uganda ilipata neno kuchu, lililotumiwa na wahusika wenyewe kwa wenyewe kabla ya kujulikana nje, na mwaka 2012 likaingia katika jina la filamu juu ya David Kato, mwanaharakati aliyeuawa Januari 2011. Nchini Kenya hali ni tajiri zaidi. Chama kilichoanzishwa Mombasa mwaka 2008 kinaitwa PEMA, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya watu waliotengwa na kudhulumiwa. Msemaji wa Kiswahili, hata hivyo, haoni herufi. Anaona kivumishi -ema chenye upatanisho wa mahali, na masikioni mwake inalia dua anayoombewa marehemu, alazwe mahali pema. Walioachwa pembeni wanajitafutia mahali pema wangali hai. Chama kingine, Jinsiangu, kimeunganisha "jinsi" na "yangu" na kuliacha neno likiwa wazi: linaweza kusomwa kuwa jinsi yangu au jinsia yangu, na kwa watu ambao mwili na nafsi zao haviafikiani utata huo ndio ukweli.

Kwamba jina ni jambo zito lilithibitika mahakamani. Eric Gitari alipotaka kusajili shirika la haki za mashoga na wasagaji, bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ya Kenya ilikataa majina aliyoyapendekeza kwa kuwa yalikuwa na maneno hayo. Shauri lilianzia Mahakama Kuu, iliyompa haki mwaka 2015, likapita Mahakama ya Rufani mwaka 2019, likaishia Mahakama ya Juu ambayo tarehe 24 Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kukataa usajili kulikuwa ubaguzi. Lakini tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu hiyohiyo ilikuwa imekataa kuvifuta vifungu vinavyolifanya tendo lenyewe kuwa kosa. Raia wa Kenya akabaki na haki ya kujiita kwa jina lake katika cheti cha usajili, na kosa la jinai chumbani mwake.

Tanzania ilichukua mkondo tofauti. Hapa vyama viliingia kupitia mlango wa afya, na msamiati wao ukawa wa afya: makundi maalumu, makundi yaliyo katika hatari zaidi ya maambukizi ya virusi vya ukimwi. Tasifida hizi zilikuwa na manufaa makubwa. Ziliwezesha mganga, mratibu wa wilaya na mwanaharakati kukaa meza moja bila yeyote kulazimika kutamka neno lenye ukakasi. Udhaifu wake ni kwamba tasifida haina haki ndani yake. Inamtaja mtu kwa sababu ya ugonjwa anaoweza kuupata au kuueneza, na mlango uliofunguliwa kwa sababu ya virusi unaweza kufungwa kwa sababu nyingine. Ndivyo ilivyotokea. Julai 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, na Februari 2017 ikazuia huduma zilizokuwa zikitolewa na vituo vya kijamii kwa makundi hayo. Oktoba 2017 watu 13, wakiwamo wanasheria, walikamatwa Dar es Salaam katika mkutano uliojadili kuishtaki serikali juu ya uamuzi huo. Mwaka 2019 msajili alifuta vyama kadhaa, kimojawapo kikiitwa Kazi Busara na Hekima. Jina hilo ni sitara kamili: maneno matatu ya wema ambayo hakuna mzee angeyakataa. Halikutosha.

Katikati ya matukio hayo, Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wawataje mashoga kwa majina, akaunda kamati ya kuwasaka. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba huo ulikuwa msimamo wake binafsi, si wa serikali. Kwa mwanaisimu, neno zito katika wito ule ni kutaja. Mkuu wa Mkoa aliwaomba watu wafanye kinyume cha sitara, na wapo waliojitokeza kufanya hivyo, ingawa hiyo ndiyo jamii inayosemwa kuwa haipendi watu kujitangaza.

5.0 Lugha ya sheria

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mjini Dodoma Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini kuanzia siku hiyo maneno ambayo yalikuwa yamelala katika Kiingereza cha kikoloni yalihitaji visawe, na kisawe hakiji mikono mitupu.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kina asili yake katika kanuni ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika kabla ya kutunga ile ya mwaka 1930. Kinazungumzia kumwingilia mtu kinyume cha mpangilio wa asili. Kwa Kiswahili imezoeleka kusema "kinyume na maumbile". Maumbile yanatokana na -umba, na anayeumba ni Muumba. Kile ambacho kwa Kiingereza kingeweza kujadiliwa kama dai juu ya tabia za viumbe, kwa Kiswahili kinasikika kuwa dai juu ya kazi ya Mungu. Wakili anayetaka kulipinga huonekana anapinga uumbaji kabla hajafungua faili.

Zito zaidi ni kitenzi -lawiti, kilichotokana na jina la Lut, Nabii ambaye kaumu yake iliangamizwa. Magazeti hukitumia kwa mwalimu aliyembaka mvulana wa miaka tisa, na hukitumia pia kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Sarufi inasaidia kuficha tofauti. Kitenzi hiki kinadai yambwa: fulani amemlawiti fulani. Huyo wa pili hana nafasi ya kuwa mtenda, na kauli ya kutendana, inayopatikana kwa wepesi katika -pendana au -oana, husikika mara chache sana katika -lawiti. Kwa hiyo hakuna sentensi ya kawaida ya Kiswahili cha habari inayoweza kusema kwamba wote wawili walitaka. Msomaji anayekutana na kitenzi hicho kila wiki katika habari za watoto walioharibiwa hana budi kuamini kwamba anayetetea watu wazima anatetea wabakaji.

Sheria yenyewe imechangia. Kifungu cha 154 kinamhukumu pia yule aliyeruhusu kutendewa, na kifungu hichohicho kinaongeza adhabu pale anayetendewa ni mtoto. Mtoto aliyeumizwa na mtu mzima aliyeridhia wamewekwa chini ya paa moja. Adhabu ilipandishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 hadi kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Inapasa kukumbuka kwamba sheria hiyo ilipiganiwa na vyama vya wanawake, Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake kikiwa mstari wa mbele, kwa nia njema ya kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ubakaji. Huko Zanzibar marekebisho ya mwaka 2004 yalifika mbali zaidi: yaliutaja usagaji kwa jina lake, na yakafanya kuwa kosa hata kusherehekea muungano wa watu wa jinsia moja. Katika visiwa ambavyo msamiati wake una neno kwa kila aina ya sherehe, furaha yenyewe imeandikwa katika orodha ya makosa.

6.0 Utu katika Katiba

Tofauti na Kanuni ya Adhabu, Katiba ya mwaka 1977 haikusubiri mfasiri. Inasomwa kwa Kiswahili na inafikiri kwa Kiswahili. Ibara ya 12 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi. Ibara ya 13, inapofafanua ubaguzi, inaorodhesha kabila, dini, rangi na mengineyo, na baada ya marekebisho ya mwaka 2000 jinsia, kisha inafunga kwa maneno mapana: hali ya maisha.

Utu ni neno lisilo na watazamaji. Halina -ji-. Mtu haoni utu wake jinsi aonavyo fahari, wala hajivuni kwao. Anao, na wengine wanapasika kuutambua. Tena halimlazimishi mtu kuiacha sitara yake ili alidai, kwa kuwa maisha binafsi yamo katika orodha ileile ya haki. Kwa sababu hiyo mwanaharakati wa Dodoma au Singida anayesema "utu wetu uheshimiwe" anatumia lugha ya Katiba yake, na hatafsiri chochote kutoka New York.

Kwa mfasiri wa sheria, kazi ni ya chini zaidi, na inaweza kufanywa leo bila kungoja Bunge libadili msimamo. Kubaka mtoto wa kiume kuitwe kubaka. Pale sheria inapomzungumzia aliyeruhusu, Kiswahili kitumie kitenzi cha kuridhia, kisijifiche nyuma ya kauli ya kutendwa. Hakimu atakayeisoma hukumu kwa lugha ambayo mshtakiwa, mama yake na majirani waliojaa barazani wanaielewa atakuwa amesema kilichotendeka, na wao watakuwa wamekisikia.